Mume Wangu Anasema ni Lori, Mimi Nasema ni Tetemeko

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie, maana hapa nyumbani nimegeuzwa kichekesho.

Wiki chache zilizopita, usiku, watoto wakiwa wamelala, nilikuwa nimejilaza lakini usingizi haujanichukua. Tunakaa ghorofa ya tatu. Mara kikaja kishindo kimoja kizito kutoka chini, pamoja na mngurumo ambao sikujua unatokea upande gani. Kukawa kimya. Mtu angeweza kuhesabu moja mpaka tano, ndipo kitanda kikaanza kwenda huku na huku. Viango vya nguo vikagongana kabatini, mlango wa bafu ukajifungua wenyewe, na taa inayoning'inia sebuleni nikaiona inapiga pembea. Kisha yote yakaisha, hata dakika haikutimia.

Mume wangu alikuwa chini uani, amesimama na jirani, wameinamia injini ya gari. Nilimpigia simu mikono ikinitetemeka, akaniuliza, "Tetemeko gani?" Jirani naye hakuhisi kitu. Akapanda, akazunguka vyumba vyote, akatoa hukumu kwamba ni lori kubwa limepita barabarani. Shangazi, huku kwetu matetemeko si jambo la kawaida. Mama yangu ni mtu mzima sana na hajawahi kuhisi hata moja maisha yake yote. Kesho yake mume wangu akafungua orodha ya matetemeko ya dunia nzima kwenye intaneti, halikuwemo. Hapo akawa amepata ushahidi wake. Tangu siku hiyo lori likipita, hasa tukiwa na wageni, ananigeukia: "Mama watoto, hilo ni la ngapi kwa Richter?" Watu wanacheka. Mwanzoni hata mimi nilicheka.

Sasa sina hamu ya kucheka. Nikilala nahisi godoro linatikisika, nikiinuka kuiangalia ile taa naikuta imetulia tuli. Kazini nikiwa nimekaa nahisi sakafu inayumba, wenzangu wanaendelea na shughuli zao. Mtoto wetu mdogo, wa miaka sita, hakubali kulala bila viatu miguuni. Anasema tukikimbia asije akakanyaga vioo. Juu ya kona ya dirisha la chumba chao nimeona ufa ambao naapa haukuwepo.

Kilichonimaliza zaidi ni simu. Kwenye kundi la WhatsApp la jengo letu, mama mmoja wa ghorofa ya nne aliandika kwamba naye alitikiswa, nikashukuru Mungu kwamba siko peke yangu. Lakini baadaye ikaletwa sauti ya mtu asiyejitambulisha, anasema wanasayansi wa ng'ambo wamegundua kwamba lile lilikuwa la kuonjesha tu, kubwa lenyewe linakuja saa tisa usiku, tulale nje. Nilikaa macho hadi alfajiri. Halikuja. Sauti ileile ikarudi tena, safari hii na tarehe nyingine. Jirani mwingine yeye anatuambia tushukuru, kwa kuwa ardhi imeshapumua na sasa tuko salama. Nimsadiki nani?

Nimepata nyumba ya chini, ya zamani, ya matofali, nataka tuhamie. Mume wangu anasema hawezi kuvunja mkataba wa pango kwa sababu ya lori.

Niambie Shangazi, lile lilikuwa tetemeko au nimeanza kurukwa na akili? Je, kubwa linakuja? Tuhame? Na huyu bwana nimfanye nini? Ni mtu mwema, ila kicheko chake kinaniuma.

Mama wa Wawili, Ghorofa ya Tatu

*

Marahaba mwanangu. Akili zako ni timamu.

Nianze na hilo lori, maana lina historia ndefu kuliko ndoa yenu. Wataalamu wa matetemeko wana kipimo cha kueleza jinsi watu na majengo walivyotikiswa. Kinaitwa kipimo cha Mercalli, kwa jina la Giuseppe Mercalli, padri wa Kiitalia na mtafiti wa volkano aliyekiboresha mwaka 1902. Wamarekani walikirekebisha mwaka 1931, na toleo hilo ndilo msingi wa kinachotumika mpaka leo. Kina ngazi 12. Ngazi ya tatu inaeleza mtikisiko unaohisiwa na watu walio ndani ya nyumba, hasa ghorofa za juu, ambao wengi hawatambui kuwa ni tetemeko, kwa sababu unafanana na lori linalopita. Ya nne inasema ndani watahisi wengi, nje wachache. Ikiwa ni usiku baadhi wataamka. Vyombo, madirisha na milango vitatikisika, na itakuwa kana kwamba lori zito limeligonga jengo.

Umeona mwenyewe. Wewe wa ghorofani umo, mwenzako wa uani yumo, na lori lake limo. Bwana huyo hakukosea alipowaza lori. Amekosea kudhani kwamba kwa kuwa yeye hakutikiswa, basi hakuna kilichotikisika.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa, na ule utani wa Richter ndiko unakotoka. Ukubwa wa tetemeko ni namba moja tu: unaeleza nguvu iliyoachiwa kule chini kwenye kitovu, na ukiwa 4 ni 4 kwa kila mtu. Mtikisiko ni habari nyingine. Huo hutegemea uko umbali gani, umesimama juu ya mwamba au juu ya udongo laini, uko ghorofa ya ngapi, umetulia au unatembea. Jengo hupepesuka zaidi juu kuliko chini. Mtu aliyelala, mwili umetulia na masikio yako wazi, huhisi kitu ambacho mtu aliyeinamia injini huku akipiga soga hawezi kukihisi. Mngebadilishana nafasi usiku ule, huenda yeye ndiye angeniandikia.

Na kuna kitu umekitaja katika barua yako bila kujua uzito wake: kishindo, kimya kifupi, kisha kuyumba. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina zaidi ya moja, na hayasafiri kwa mwendo mmoja. La kwanza husukuma na kuvuta, na ndilo linaloleta kile kishindo. Sehemu yake huweza hata kupenya hewani ikasikika kama ule mngurumo. La pili hutikisa kwa kukata upande kwa upande, nalo huja nyuma kwa sababu ni la polepole zaidi. Kwa kadirio la haraka, kila sekunde moja ya mwanya kati ya hayo mawili ni kama kilomita 8 kutoka kitovuni. Sekunde zako tano, kama ulizihesabu sawasawa, zinaliweka tetemeko lako kwenye umbali wa kilomita 40 hivi. Lori haliji namna hiyo. Lori linaanza kwa mbali, linaongezeka, linapungua. Mlango wa bafu, viango, taa, na yule mama wa ghorofa ya nne ambaye hamkupanga maneno: kwa ushahidi huo mimi nasema lilikuwa tetemeko dogo, na sina haja ya kusubiri mtambo uniambie.

Ile orodha ya intaneti isimpe mwenzako kiburi. Shirika la Jiolojia la Marekani, ambalo orodha yake ndiyo inayofunguliwa na watu wengi, hulenga kuorodhesha matetemeko ya dunia nzima kuanzia ukubwa wa 4.5 hivi. Chini ya hapo, nje ya Marekani, mengi hayaingii, hasa penye vituo vichache vya kupimia. Aulize idara ya jiolojia ya nchi yenu. Hao ndio wenye mitambo ya karibu.

Halafu fanyeni jambo moja ambalo naona litawafaa kuliko ugomvi. Shirika hilohilo la Marekani, na kile kituo cha matetemeko cha Ulaya na Mediterania kinachojulikana kama EMSC, hupokea taarifa za watu wa kawaida kutoka popote duniani. Unajaza fomu: ulikuwa wapi, ghorofa ya ngapi, umelala au umesimama, vitu gani vilisogea. Jazeni wote wawili, kila mtu ya kwake, bila kuchunguliana. Yeye aandike kwamba alikuwa nje na hakuhisi chochote. Jibu hilo nalo linahesabiwa. Ndilo linalowaonyesha wataalamu mtikisiko uliishia wapi. Mahali ambapo vituo ni vichache, taarifa za watu huziba pengo kubwa.

Huenda unajiuliza ardhi ya kwenu, isiyo na mazoea hayo, imepatwa na nini. Matetemeko mengi ya dunia hutokea kwenye mipaka ya mabamba, yale mapande makubwa ya miamba yanayobeba mabara na bahari. Lakini mabamba hayo yakisukumana mipakani, msukumo hupenya hadi katikati, na huko katikati kuna nyufa za kale, nyingine zimelala mamilioni ya miaka, hazionekani juu ya ardhi. Siku moja mojawapo huteleza kidogo. Wakati mwingine binadamu naye ana mkono wake. Oklahoma, Marekani, matetemeko yaliongezeka sana baada ya maji machafu ya visima vya mafuta kusukumwa kwa wingi chini ya ardhi. Groningen, Uholanzi, uchimbaji wa gesi uliitikisa ardhi kwa miaka mingi, nyumba zikapasuka, mpaka serikali ikaufunga mgodi huo wa gesi. Hata bwawa kubwa linapojazwa maji linaweza kuiamsha ardhi iliyo chini yake.

Kisha kuna ajabu nyingine ya maeneo haya yaliyotulia. Mwamba wao ni wa kale, mgumu na baridi, haukukatwakatwa na nyufa nyingi, hivyo mtikisiko husafiri mbali. Gonga chungu kizima, halafu gonga kilichopasuka, utanielewa. Tarehe 23 Agosti 2011 tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilitokea Virginia, mashariki mwa Marekani, upande ambao watu wake hawana mazoea hayo. Lilihisiwa kutoka Georgia mpaka Kanada. Mnara wa Washington, ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka kitovuni, ulipasuka mawe na ukafungwa mpaka Mei 2014. Tarehe 5 Aprili 2024 likaja jingine, la 4.8, New Jersey, nalo likawatikisa watu wa New York waliokuwa maofisini. Kwa hiyo usishangae mtu wa mji wa mbali akikuambia naye alilihisi.

Nije kwenye swali linalokunyima usingizi: je, kubwa linakuja?

Yule mwenye sauti ya saa tisa usiku mfute bila huruma. Hakuna mwanasayansi wala chombo chochote duniani kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Wanachoweza kutoa ni uwezekano, nao husema hivyohivyo, kwa asilimia na kwa kipindi, wakitaja eneo na majina yao. Anayetaja saa anakutapeli, na anayebadilisha tarehe baada ya kuumbuka anakutapeli mara ya pili. Ningekuwa kiongozi wa hilo kundi lenu ningemtoa anayezisambaza.

Lakini na yule jirani wa "ardhi imepumua" usimfuate. Nia yake njema, hesabu yake mbovu. Kila ngazi moja ya ukubwa ikiongezeka, nguvu inayoachiwa huongezeka kama mara 32. Ili matetemeko ya ukubwa wa 4 yaachie nguvu ya moja tu la 6, yanatakiwa kama 1,000. Dogo moja halimalizi deni lolote.

Hesabu ya kweli iko hivi. Kwa makadirio ya wataalamu wa Marekani, uwezekano wa tetemeko kufuatwa na kubwa zaidi karibu na hapo ndani ya siku tatu ni kama 6 kati ya 100. Maana yake takriban mara 94 hakuna kinachofuata cha kulizidi. Siku zikipita, uwezekano huo unashuka, na wewe umeshavuka wiki. Mitetemo midogo ya baadaye inaweza kuja, na ikija isikutie wazimu. Tangu mwaka 1894 Mjapani Fusakichi Omori alionyesha kwamba hupungua kadiri siku zinavyokwenda, mwanzoni kwa kasi, baadaye polepole.

Sitakudanganya kwamba mahali pa nadra ni mahali pa kamwe. Newcastle, Australia, watu walijiona hawahusiki na mambo haya, mpaka tarehe 28 Desemba 1989 tetemeko la 5.6 lilipoua watu 13. Lakini matukio ya namna hiyo ni ya mmoja mmoja, na kujiandaa nayo hakuhitaji kukesha. Uingereza, usiku wa tarehe 27 Februari 2008, tetemeko la 5.2 karibu na Market Rasen liliamsha watu sehemu kubwa ya nchi. Aliyeumia vibaya alikuwa mtu mmoja, na kilichomuumiza ni bomba la moshi lililoanguka kutoka juu ya paa. Mara nyingi kwenye matetemeko ya kiasi, kinachojeruhi ni kitu kilichokuwa juu ya kichwa cha mtu. Kabla hujafikiria kuhama, angalia kuna nini juu ya vichwa vya watoto wako.

Hapo sasa nimtetee mwanao mdogo. Viatu si upuuzi. Wataalamu wenyewe hushauri viatu viwekwe karibu na kitanda, kwa sababu baada ya tetemeko la usiku watu wengi hujikata miguu kwa vioo. Mwambie amewaza vizuri kuliko wakubwa, ila viatu vitalala kwenye mfuko uliofungwa kwenye mguu wa kitanda, visisogee, na yeye atalala na miguu yake mitupu. Mpe tochi naye aitunze. Asiyejua la kufanya ndiye anayeogopa zaidi, na mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa: tukitikiswa tukiwa macho, unashuka chini, unaingia chini ya meza imara, unashika mguu wake mpaka kutulie. Ukiwa kitandani, unabaki hapo hapo, kifudifudi, mto juu ya kichwa. Hatukimbilii ngazi, hatupandi lifti, hatusimami kwenye fremu ya mlango kama watu wa zamani walivyofundishwa. Fanyeni zoezi hilo kama mchezo, na baba yao akiwemo. Mwanao akikuuliza kama tetemeko litarudi, usimwapie kwamba halitarudi. Mwambie huenda lisirudi, na likirudi tunajua pa kuingia.

Ufa. Watu wengi baada ya tetemeko huona nyufa zilizokuwepo miaka yote, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza wanaukagua ukuta. Unaweza kuwa mpya pia, sibishi. Chukua penseli, weka alama ndogo kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe pembeni, piga picha ukiwa umeweka sarafu karibu. Ukiwa mwembamba kama unywele na uko kwenye lipu tu, ni wa kupaka rangi. Kinachohitaji mhandisi, na kwa haraka, ni ufa unaopita mshazari kwenye ukuta wenyewe na kutokea upande wa pili, unaopanuka ukivuka alama zako, au ulio kwenye nguzo na boriti. Vilevile mlango au dirisha lililokuwa likifunga vizuri na sasa linakwama. Mwenye nyumba apewe taarifa kwa maandishi, si kwa mdomo kwenye ngazi.

Kuhusu ile nyumba ya chini, mwanangu, hapo uniwie radhi, sikuungi mkono. Umehesabu ghorofa badala ya kuhesabu nondo. Kuyumba juu ghorofani kunatisha zaidi, ni kweli, lakini kuyumba si kubomoka. Jengo la zege lililojengwa vizuri, lenye nondo za kutosha na nguzo zilizoshikana na boriti, huyumba likarudi. Kinachoogopwa na wahandisi kuliko vingi ni nyumba ya zamani ya matofali yasiyofungwa kwa nondo wala lenta, yaani ile unayotaka kuhamia. Hata huko Newcastle kuta za matofali zilifanya madhara makubwa. Kingine ni jengo ambalo sehemu ya chini ni wazi, maduka au maegesho, nguzo chache bila kuta, huku juu kumejaa. Likitikiswa, ghorofa ya chini ndiyo hupondwa na zilizo juu yake. Kama jengo lenu liko hivyo, hapo nitakuwa upande wako, na suala la mkataba lizungumzwe mkiwa na maneno ya mhandisi mkononi. Bila hivyo, bwana yuko sahihi kukataa, japo sababu aliyoitoa ni ya ovyo.

Sasa huko kutikisika kusikokuwepo. Kunawapata wengi. Baada ya tetemeko kubwa la Japani la Machi 2011 watu walilalamika kwamba wanahisi sakafu inayumba wakati imetulia, na madaktari wakaichunguza hali hiyo. Ndani ya sikio kuna kiungo cha kutunza mizani ya mwili. Kikishtuliwa na sakafu ambayo maisha yote ilikuwa tuli, kinabaki na mashaka, na hofu inaongeza chumvi. Zaidi ya hapo, mtu aliyelala akisikilizia mtikisiko huweza kuyahisi mapigo ya moyo wake kwenye godoro. Ile taa itumie kama hakimu: ukihisi kuyumba, itazame mara moja. Ikiwa tuli, ni mwili wako; vuta pumzi polepole, geukia upande wa pili. Usiinuke mara ya pili kuihakikisha, maana huko ndiko kukesha kunakoanzia. Punguza kahawa jioni, na lile kundi la WhatsApp lizime sauti usiku. Kwa watu wengi hali hii huisha yenyewe. Ikifika mwezi bado hulali, au kizunguzungu kinakujia hata ukiwa unatembea, nenda kwa daktari umweleze tangu mwanzo, asikutibu presha bure.

Na huyu bwana. Sioni ubaya moyoni mwake. Naona mtu aliyepata mzaha uliochekwa na wageni akashindwa kuuacha. Usimvizie siku lori likipita. Mchague akiwa ametulia, mmekaa wawili, umwambie kwa maneno machache: mimi niliogopa kweli, silali, na ukinicheka mbele za watu najiona sina mtu humu ndani. Usimletee Mercalli wala Omori katika kikao hicho. Elimu hiyo ni yako. Ukiitumia kumshinda, atatafuta lori jingine. Akisema hakujua kwamba limekuingia hivyo, mwamini. Akiendelea baada ya hapo, niandikie tena, na barua yako ya pili nitaijibu kwa sauti nyingine.

Kwa sasa mpe kazi ya mikono, wanaume wengine huomba msamaha kwa bisibisi. Kabati la nguo na rafu ya vitabu vifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe. Chochote kizito kilichoning'inizwa juu ya vitanda vya watoto kishushwe, na vitanda visogezwe mbali na kioo cha dirisha. Wote wawili mjue valvu ya gesi na swichi kuu ya umeme ziko wapi na zinafungwaje gizani. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja ya mapumziko, na mwanao mdogo awe mshika misumari.

Shangazi